Mgomba Wenye Urefu Wangu

Mama aliniambia nilale chali sakafuni, nikalala. Alichukua uzi wa katani, ule tunaoshonea magunia ya viazi, akaweka ncha moja kwenye kisigino changu na kuuvuta hadi utosini. Akafunga fundo. Kisha akafunga fundo la pili juu yake, upana wa vidole viwili, kwa sababu kaka yangu alinizidi kwa kiasi hicho.

"Amka, baba," alisema. Huniita baba kwa kuwa nilipewa jina la baba yake. "Usiupoteze huo uzi. Kule Kabazi kwenye migomba watakuuliza urefu."

Hivyo ndivyo nilivyotumwa kutafuta mgomba wa kuzikwa badala ya kaka yangu.

Sisi tunaishi Mau Narok. Babu alikuja kutoka Magharibi mwa Kenya kuendesha trekta katika shamba la ngano la mzungu, mzungu akaondoka, babu akabaki. Alikuja na desturi zake zote, na moja ni hii: mtu akipotea na mwili usipatikane, huzikwa shina la mgomba lenye urefu wake, limevishwa nguo zake, ili yeye aache kutangatanga na walio hai waache kumngoja. Shida ni kwamba Mau Narok hakuoti mgomba. Ni ngano, viazi na umande unaoganda kwenye majani. Tangu babu ahamie huku, desturi hiyo haikuwa imehitajika, na hakuna aliyekumbuka kuuliza itafanywaje mahali ambapo mgomba hufa kabla ya kufika magotini.

Kaka yangu alikuwa utingo wa lori la viazi. Mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya siku ile ya uzi, mvua ilinyesha wiki nzima, na lori lao likasombwa na mto walipojaribu kuvuka. Dereva alipatikana siku ya tatu, amenaswa kwenye matawi ya mti. Kaka yangu hakupatikana. Ilipatikana gambuti moja nyeusi ya mguu wa kushoto.

"Ni yake," alisema baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa familia tangu baba afariki.

"Gambuti nyeusi ziko ngapi Kenya hii?" niliuliza.

"Wewe unataka nini? Iandikwe jina?"

"Nataka uhakika."

Sikuwa natania. Nilisoma falsafa chuo kikuu kwa miaka minne, na kati ya watu wote wa kale niliofundishwa, niliowapenda ni Wagiriki fulani waliokataa kuamua jambo lolote. Walisema kila hoja ina hoja nyingine ya kuikabili, yenye uzito sawa, kwa hiyo mtu mwenye akili hutua mizigo yote miwili, akakaa bila kuhukumu. Halafu utulivu humjia wenyewe. Walisimulia juu ya mchoraji aliyehangaika kuchora povu mdomoni mwa farasi, akashindwa, akakasirika na kuirushia ile picha sifongo lake la kufutia rangi. Sifongo lilipogonga, likaacha povu lenyewe, kamili. Mwalimu wetu alipotusimulia hayo nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilihisi kwamba nimepata dini isiyonidai kuamini chochote.

Nilipohitimu walinichinjia mbuzi. Baba mdogo aliniuliza mbele ya wageni nimejifunza nini huko, nikamjibu kwamba nimejifunza hakuna mtu anayejua kitu kwa uhakika. Alitazama mifupa kwenye sinia. "Lakini mbuzi wangu mmemla kwa uhakika kabisa," alisema. Tangu siku hiyo ananiita Mgiriki.

Sasa niseme lile ambalo sikupenda kulisema.

Miezi mitano baada ya mafuriko nilikuwa Lanet, ambako nimepanga chumba na kufundisha historia katika shule moja ya sekondari. Jioni moja nilimwona mwanamume akitembea kando ya ua wa kambi ya jeshi. Mabega yalikuwa yale, mwendo ule ule wa kuburuza mguu wa kulia, hata kofia. Nilipiga simu nyumbani nikikimbia. "Mama," nilisema, "nimemwona. Yuko hapa Lanet, nimemwona." Nilisikia amepiga magoti upande wa pili wa simu. Kisha yule mtu akageuka, na hakuwa yeye. Hakufanana naye hata pua.

Nilikata simu. Nilipompigia tena, nilimwambia kwamba nilimwona kwa mbali, kwamba alipotelea kwenye umati, kwamba pengine alikuwa yeye na pengine hakuwa. Hiyo "pengine" niliitoa kwa Wagiriki wangu. Ilikuwa uongo uliovaa suti.

Kuanzia jioni hiyo Mama hakufunga mlango tena. Alipakua sahani tatu: yake, yangu hata nisipokuwepo, na ya kaka yangu. Alivuta kiti akaketi kuuelekea mlango ambao ameurudishia tu bila komeo, na baridi ya Mau Narok ikampiga hapo alipoketi. Alilazwa Nakuru kwa nimonia, akatoka, akarudi kwenye kiti. Akalazwa tena. Daktari aliniita pembeni na kuniambia kwamba mapafu yale hayatavumilia mara ya tatu.

"Mama, funga mlango," nilimsihi.

"Utafungaje mlango na mtoto yuko nje? Si wewe ulimwona?"

Nilikuwa na neno moja la kusema ili aupige komeo. Neno hilo lilikuwa "hapana". Nilisimama pale na elimu yangu yote na sikuweza kulitamka, kwa sababu kama sikumwona Lanet, basi nilikuwa sijamwona popote, na alikuwa majini.

Ndipo baba mdogo akaamua. Alikuja na kusema mazishi ni Jumamosi, tutazika mgomba. Mama aliinamisha kichwa, akasema sawa. Nilidhani angekataa. Nilitegemea akatae.

Nilipinga mimi. Nilisema hatuwezi kumzika mtu kwa ushahidi wa gambuti. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimechanganyikiwa, nilianza kuwasimulia juu ya Athene. Nilisema Waathene waliwahi kushinda vita baharini, lakini dhoruba ikawazuia majemadari kuwaokota waliokuwa wakizama, na waliporudi na ushindi wao mji uliwahukumu kifo. Ndugu za waliozama walikuja kwenye baraza wamenyoa vichwa, wamevaa nguo za matanga, wakapiga kelele. Darasani tuliona huo ni ushenzi wa umati. Nilisema sasa nauelewa ule umati, ila mimi sina jemadari wa kumshtaki, nina mto tu.

"Na hao ambao hawakupatikana, waliwafanyia nini?" aliuliza baba mdogo. Alikuwa amesikiliza kwa makini kuliko nilivyotaka.

Ilibidi niseme ukweli. "Walipozika askari wao, walibeba kitanda kimoja kitupu, kimetandikwa vizuri, kwa ajili ya wasiopatikana."

Alipiga makofi mara moja. "Kumbe Wagiriki wenyewe walizika hewa! Sisi angalau tuna mgomba."

Hata Mama alicheka kidogo, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa.

Kilipoisha nikauliza swali lililokuwa limenikwama. "Na akirudi?"

Baba mdogo hakucheka tena. "Aliyezikwa hana nyumba," alisema. "Akirudi hatapita kwenye mlango huu. Hatakula kwenye sahani zetu. Ndivyo ilivyo, si mimi niliyeipanga."

Nilimtazama Mama. Alikuwa akitazama mikono yake.

Ijumaa asubuhi niliazima pikapu ya jirani nikateremka Njoro, nikapita Nakuru mjini, nikapanda upande wa Subukia hadi Kabazi. Ni mwendo wa kutoka baridi kwenda joto, na kila kilomita nilikuwa nikiwaza namna ya kurudi mikono mitupu. Ningesema gari liliharibika, au kwamba migomba yote imepigwa na ugonjwa. Nilitaka wiki moja zaidi. Sijui nilidhani wiki hiyo ingeleta nini.

Kabazi nilisimama kwenye boma lenye migomba hadi barabarani. Mama mmoja mnene, mwenye kitambaa cha njano kichwani, alikuwa akipalilia maharagwe chini yake.

"Habari yako, mathe."

"Mzuri, boss. Unatafuta ndizi?"

"Natafuta mgomba. Shina zima, la urefu huu." Nilimwonyesha uzi.

Aliukunjua, akauangalia, akatabasamu meno yote. "Wa kufunga kwenye geti! Harusi?"

Watu hufunga migomba kwenye lango la harusi, nilikuwa nimesahau. Alinitazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeonyeshwa na mtu mwaka mzima, na nikashindwa kuivunja.

"Ndiyo," nilisema. "Ya kaka yangu."

"Mungu ni mwema! Mkubwa wako au mdogo?"

"Mkubwa."

"Na wewe unangoja nini? Umri huo! Ama wanakukataa?" Alicheka, akachukua panga lake. "Ngoja nikuchagulie mimi. Usichukue hiyo, hiyo ni ya ng'ombe. Bibi harusi akiona hiyo atarudi kwao."

Alizunguka mgomba hadi mgomba akiipigapiga kwa kiganja, kama mtu anayepapasa ng'ombe wake. Akachagua mmoja ulionyooka, mnene katikati. Aliukata kwa mapigo manne, tukaubeba pamoja hadi kwenye pikapu, na alipofunga kamba aliimba wimbo wa harusi na kunitaka niitikie. Niliitikia. Nilisimama kando ya barabara ya Kabazi nikiitikia wimbo wa harusi ya maiti, au ya mtu aliye hai, sikujua ni ipi iliyo mbaya zaidi.

Niliporudi nilisimamisha gari mara mbili nikashuka kuutazama. Maji yake yalikuwa yakidondoka kwenye bati la pikapu. Sikuwahi kuchukia mmea kabla ya siku ile.

Wagiriki waliamini kwamba asiyezikwa hukwama ukingoni mwa mto wa wafu, akitembea huku na huku miaka mingi, hakuna wa kumvusha. Darasani niliandika insha ndefu kuthibitisha kwamba imani hiyo haikumhusu mfu bali walio hai, ambao ndio hasa waliokwama ukingoni. Nilipewa alama nzuri. Nikiwa pale kando ya barabara ningetoa alama hizo zote, na shahada juu yake, nipate kujua kama kuna mtu ukingoni au hakuna.

Jumamosi asubuhi kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya kaburi la baba. Nguo za kaka yangu, suruali ya jinzi na sweta la kijani alilonunuliwa na Mama, zilikuwa zimekunjwa juu ya kiti. Majirani walikuwa wameanza kukaa. Kilichobaki ni kuusawazisha mgomba kwa kipimo cha uzi, kwa sababu yule mama alinikatia kwa ukarimu, mrefu zaidi. Baba mdogo aliuweka uzi, akaweka alama kwenye fundo la pili, akakata.

Kisha akasimama na panga mkononi.

"Mgiriki," aliita, bila mzaha. "Njoo uone ulichotuletea."

Katikati ya shina, ndani kabisa ya zile tabaka nyeupe, kulikuwa na kitu. Baba mdogo alichanua tabaka kwa kidole. Kilikuwa kichane kidogo, cheupe kama jino, ndizi changa ambazo hazijafika nje, zimejipanga kila moja mahali pake.

"Una mimba," alisema. "Huu mgomba una mimba."

Nilielewa mara moja. Kwa lango la harusi watu hutaka mgomba unaokaribia kuzaa, ni dalili njema. Yule mama alikuwa amenichagulia ulio bora zaidi shambani kwake, kwa sababu ya uongo wangu.

Baba mdogo alieleza mbele ya wote kwamba kaka yangu hakuwa na mke wala mtoto, na mtu wa namna hiyo huzikiwa shina tupu, ambalo halijabeba. Ukimzikia lenye uzao, umezika mtu mwingine. Sijui kama sheria hiyo iliwahi kuwepo kabla ya asubuhi ile. Ninachojua ni kwamba majirani walitikisa vichwa, kwamba Kabazi ni mbali, na kwamba ndani ya kifua changu kitu kiliruka kwa furaha.

"Basi tuache," nilisema haraka. "Kama si sawa, tusifanye. Tungoje. Tutafute tena, tupite hospitali za huko chini, tupite hata magereza. Si lazima iwe leo." Nilikuwa nikisema kwa sauti ya mtu mwenye hoja, na nilizisikia hoja zangu zikija moja baada ya nyingine, nzuri, zimenyooka. Halafu nikatambua kwamba kwa miezi yote hiyo sikuwa nimetua mizigo miwili. Nilikuwa nimetua mmoja tu. Ule mwingine, kwamba yuko hai, sikuwahi kuuhoji hata siku moja. Nilimhoji baba mdogo, nilihoji desturi, nilihoji gambuti.

Mama alikuwa amenyanyuka kwenye kiti chake. Alikuja polepole, akapumzika mara mbili njiani, akatazama ndani ya shina kwa muda.

"Baba," aliniambia. "Wale watu wako. Mtu wakishamzikia kitanda kitupu, halafu akaja, walimfanya nini?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimelijua tangu baba mdogo aseme aliyezikwa hana nyumba, na sikulisema kwa sababu lingeyafanya mazishi yawezekane.

"Walikuwa na shida hiyo hiyo," nilisema. "Aliyezikwa akirudi, walimwona najisi. Hakuruhusiwa hekaluni, watu walimkwepa. Mpaka mmoja alipokwenda kuuliza kwa mungu wao afanye nini. Akaambiwa azaliwe tena. Wanawake wakamwogesha kama mtoto mchanga, wakamfunga nepi, wakampa ziwa. Baada ya hapo akawa mtu kama watu wengine."

Baba mdogo alikuwa amefungua mdomo.

"Mtu mzima? Ziwa?" aliuliza hatimaye.

"Mtu mzima."

"Wagiriki hawa!" alisema, na mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamaza.

Mama hakucheka. Aliingia ndani, na alipotoka alikuwa na leso kuukuu, rangi imekwisha, ile aliyotubebea sote wawili mgongoni. Alimwambia baba mdogo alivishe lile shina suruali na sweta. Alipomaliza, Mama mwenyewe akapiga magoti kwenye udongo na kulifunga kwa leso kuanzia juu, polepole, akifunika pale palipokatwa, kama anavyofunikwa mtoto asipigwe na upepo.

"Nilimzaa mara moja," alimwambia shemeji yake. "Akija mlangoni nitamzaa tena, nitamwosha na kumnyonyesha mbele yako, na utakaa hapo utazame. Kwa hiyo usiniambie hana nyumba. Na kama mgomba una mimba, ni yangu. Sasa mzike. Mimi nimechoka."

Tulimzika. Nilishika upande wa kichwa. Ulikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, na maji yake yalipenya kwenye leso yakanilowesha mikono. Baba mdogo aliniambia niseme maneno yanayosemwa na ndugu, kwamba tumempata na tumemleta nyumbani. Nilisema tumemleta nyumbani. Ile sehemu ya kwanza ilinishinda, na yeye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliniacha.

Jioni watu walipoondoka, Mama alipakua sahani mbili. Niliziona zikiwa mezani, mbili, nikausukuma ugali wangu kando. Alikula chake chote. Kisha akaenda mlangoni, akausukuma, akapiga komeo. Sauti yake ilikuwa kubwa, kutu ya miezi yote ile. Alipita nyuma ya kiti chake bila kukiangalia, akaingia kulala saa mbili kama watu wengine, na baada ya muda nikamsikia akipumua kwa uzito nyuma ya mbao, pumzi ndefu, bila kukohoa.

Hilo ndilo nililokuwa nimemwombea, kama naweza kusema niliomba. Wale Wagiriki wangu walisema utulivu huja wenyewe ukishaacha kuhangaika. Ulikuja. Ulipita pembeni yangu ukaingia chumbani kwake.

Nilikaa nikitazama komeo. Nilijiambia gambuti ilikuwa yake. Nilijiambia mara kadhaa, kwa sauti ndogo. Kisha nikainuka, nikalivuta komeo taratibu kulifungua, chuma kikalia hata hivyo.

"Baba?" aliita kutoka ndani, kwa sauti ya usingizi. "Umefunga?"

"Nimefunga, Mama. Lala."

Nilingoja hadi pumzi zake zikawa ndefu tena. Niliziba mwanya wa chini ya mlango wake kwa koti langu ili ubaridi usimfikie, nikavuta kile kiti, nikaketi kuuelekea mlango. Baridi huanzia miguuni. Nilikuwa sijui hilo, na yeye hakuwahi kuniambia.